Ulimi wa Kuazima

Mzazi amsemeaye mtoto wake hutumia ulimi wa nani? Zamani swali hili halikupata nafasi, kwa kuwa wazazi wenyewe walikuwa washtakiwa. Katika Marekani ya miaka ya 1950, mama wa mtoto mwenye usonji aliambiwa kuwa ubaridi wa moyo wake ndio uliomfungia mwanawe ndani ya ukimya. Lilikuwa shtaka zito lisilo na ushahidi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto wa namna hiyo, alilipinga kwa kitabu mwaka 1964, akionyesha kuwa asili ya hali ile ni mwili, si malezi. Mwaka uliofuata yeye na wazazi wenziwe waliunda chama. Wakadai shule, na mwaka 1975 sheria ya nchi ikawapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma bila malipo.

Hakuna mwenye insafu atakayewalaumu. Walakini msemaji huzoea kusema. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi mkutanoni Toronto wasimlilie mtoto aliye hai kana kwamba amekufa. Neno hilo lilichoma, nalo lilistahili kuchoma. Aliyesemewa alikuwa amekua, akasema, na maneno yake hayakufanana na yale yaliyosemwa kwa ajili yake. Lakini wapo wasiopata kusema hata uzeeni. Mama zao hawana budi kuendelea kuwasemea, wakitazama katika mkono na jicho la mtoto kama walilosema ndilo.