Mwacha Asili ni Mtumwa: Methali na Mabadiliko ya Kazi Mpakani

Methali hii ina ndugu zake. Wengine husema "mwacha mila ni mtumwa", wengine "mkataa kwao ni mtumwa". Zote hutumika zaidi kukemea kuliko kufundisha. Kijana akirudi kijijini na mwendo mgeni, anatajiwa. Karani akikubali mfumo mpya wa kompyuta kabla ya wenzake kuukubali, anatajiwa naye, kwa sauti ya chini, wakati wa chai. Naona matumizi hayo yanaionea methali. Imefanywa kuwa ya watu wanaoogopa kubadilika, ilhali ukiisikiliza vizuri inazungumza na mtu ambaye tayari yumo ndani ya mabadiliko na hana njia ya kuyakwepa.

Nianze na neno zito kuliko yote humo, mtumwa. Kwa watu wa Ileje, wilaya ya Tanzania inayopakana na Malawi, neno hili halitoki mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe, karibu na Karonga, katika miaka ya 1880 aliweka ngome mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, vita vikafuata, na mambo hayakutulia mpaka 1895 Waingereza walipomkamata na kumnyonga. Aliyetekwa siku zile hakuitwa mtumwa kwa sababu ya kuhama. Watu wa milima hii walihama siku zote, kufuata ardhi, kuoa, kukimbia njaa. Aliitwa mtumwa kwa sababu alihamishwa bila kuulizwa, akafika mahali ambapo hakuna wa kusema huyu ni mtoto wa fulani, akapewa jina jingine na kazi nyingine, wala hakuwa na pa kusimama akakataa. Huo ndio utumwa ambao methali inauogopa: kusogezwa na wengine huku ndani yako hamna kitu cha kukufanya uulize unakokwenda.

Basi asili ni nini? Mtu wa haraka atajibu kwamba ni yale tuliyoyazoea. Ikinga inamkatalia. Hii ni kata ya Wilaya ya Ileje, na katika wilaya hiyo Wandali na Walambya wana ndugu zao upande wa Malawi, kama vile Wanyamwanga walivyo na ndugu pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia, pale Tunduma na Nakonde. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hizi kwa mkataba ulioandikwa Ulaya. Baadaye Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaja, uhuru ukaja mwaka 1961, Muungano ukafuata. Mwaka 2016 hata mkoa ulibadilika: mzee aliyekuwa mtu wa Mbeya akawa mtu wa Songwe na jembe lake halijahama hata hatua moja. Kama asili ingekuwa jina la mtawala, mstari wa ramani au ofisi unakopeleka malalamiko yako, mzee huyo angekuwa ameipoteza mara nyingi. Hakuipoteza. Anajua bado ni nani aitwe posa ikija, nani apelekewe habari ya msiba hata kama yuko ng'ambo ya mto, na shamba lipi ni la marehemu nani. Yaliyoondoka ni ya nje, na yaliyobaki ndiyo yanayompa sauti akisimama mbele ya watu.

Tofauti hiyo wabadilisha fedha wa mpakani waliishika kwa mikono yao. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha, elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja mpya. Noti kubwa ya 50,000 ikarithiwa na noti ya 50, na kwa miezi kadhaa noti za aina zote mbili zikawa mitaani pamoja. Fikiria mtu aliyejenga kazi yake yote kwenye kuhesabu haraka kichwani, halafu asubuhi moja hesabu hiyo haina kazi tena. Aliyedhani kwamba ujuzi wake ulikuwa ni zile sifuri alibaki hana kitu. Lakini biashara ile haikuwahi kusimama juu ya sifuri. Ilisimama juu ya mteja kuamini kwamba hatapunjwa, hasa siku ambayo yeye mwenyewe amechanganyikiwa. Mabadiliko ya namna ile humpa mtu nafasi kubwa ya kudhulumu, na kwa sababu hiyo ndipo huonekana asili ya kila mmoja.

Kisha ikaja 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani Tunduma na Nakonde. Kabla ya hapo lori lilikaguliwa upande huu likamaliza, likavuka na kuanza upya upande wa pili. Sasa linasimama mara moja tu, katika nchi linakoingia. Ili hilo liwezekane, ofisa wa Tanzania huvuka kwenda kufanya kazi Nakonde, na mwenzake wa Zambia huja Tunduma. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sijapata mfano ulio bora kuliko huu wa maana ya methali yetu. Ofisa yule anakaa kwenye ardhi ya watu, jirani na meza ya mgeni, anasikia Kibemba na Kinyamwanga kutwa nzima, anajifunza namna wenzake wanavyopanga nyaraka. Lakini anapokagua mzigo unaotoka kwetu anatumia sheria ya Tanzania, na mhuri ni wa Tanzania. Akikataa kuvuka, amekuwa mzigo kwa kila dereva aliyeko kwenye foleni. Akivuka na kuiacha sheria yake nyumbani, hana tena kazi ya kufanya pale. Kuvuka na kubaki na sheria yake ni tendo moja kwake, na kila moja la hayo mawili linampa mwenzake maana.

Wapo watakaoniletea methali nyingine: "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Watasema wahenga walijipinga. Mimi naona hawakujipinga. Kwa wenye chongo unaacha kujitofautisha, kujifanya unaona kuliko wenyeji. Huachi kuwa mtoto wa mama yako. Anayeanza kazi katika ofisi mpya anazihitaji zote mbili, na kwa wiki za mwanzo ile ya chongo huenda ikamfaa zaidi.

Vijana wanaoshuka kutoka Ileje kwenda Tunduma kutafuta riziki wanalijua jambo hili la kuhama bila kuiacha asili kwa uchungu zaidi. Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Mji unaoishi kwa malori hauna njia nyingine siku malori yasipovuka. Kijana aliyekuwa amekata mawasiliano na kwao kwa kuona aibu ya kutopeleka chochote aliingia siku zile akiwa peke yake. Aliyekuwa akipiga simu hata asipokuwa na kitu mfukoni alikuwa na pa kurudi na kula, na kwa hiyo alikuwa na pa kufikiria upya kazi yake bila kushikwa na hofu. Mtu mwenye pa kurudi hujaribu mambo mapya kwa urahisi zaidi. Hilo wanaoitumia methali hii kuwatisha vijana hawalioni.

Kuna upande mmoja zaidi, na huu unawahusu wakubwa. Methali inamlaumu mwachaji, lakini asili huachishwa pia. Mfumo mpya ukiletwa ofisini, watumishi hufundishwa vitufe vya kubonyeza, na mara nyingi huishia hapo. Haulizwi karani wa miaka ishirini alitambuaje nyaraka zenye shaka kabla mashine haijafika, wala jinsi alivyomtuliza dereva aliyelala njiani siku tatu. Ujuzi huo hauandikwi popote, na siku anapostaafu unaondoka naye. Mkuu anayeleta mabadiliko Tunduma, Vwawa au kwenye ofisi ya kata Ikinga angeanza na kikao cha kuwasikiliza watu hawa, kabla vifaa havijafunguliwa kwenye maboksi yake.