Manukato ya Sanduku la Harusi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia vilivyo vizuri na akatuhalalishia, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mwezi uliopita kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa yetu alinijia baada ya swala ya Alasiri, akaniambia: "Maalim, nataka tufuatane dukani. Nimeambiwa wewe wayajua manukato." Kijana huyu alikuwa karibu kuoa, na mkononi mwake alikuwa na karatasi iliyoandikwa na watu wa upande wa mke, yenye vitu vya kutiwa katika sanduku la harusi. Palikuwa na nguo, na viatu, na dhahabu, na chini yake chupa nne za manukato, kila moja kwa jina lake na jina la nyumba iliyoyafanya.

Basi tukaenda. Duka lenyewe halikuwa kama yale ya wauza mafuta wa Mji wa Kale, ambako mtu hupewa kibao akakaa, akapakwa kidogo juu ya mkono, akaulizwa khabari za wazee. Hili lilikuwa na milango ya vioo na baridi ya mashine, na chupa zimepangwa mojamoja chini ya taa kama vito. Binti mwenye kuuza alikuwa na adabu njema; alitusalimia kwa salamu ya Kiislamu, kisha akawa yuanyunyiza manukato katika vipande vya karatasi nyeupe na kutupa tunuse.

Nami sitaficha jambo: nilifurahi. Mimi nimelelewa katika nyumba ya chetezo na mrashi. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akifukiza nguo zetu za Ijumaa kwa udi, na siku za harusi nyumba ilijaa asumini, na vikuba, na marashi ya mawaridi. Lakini pale dukani nilinusa vitu ambavyo pua yangu haikuwa imevijua. Moja ilianza kama ganda la chungwa lililovunjwa sasa hivi. Nikasema, "Hii ndiyo." Yule binti akacheka kwa heshima akaniambia, "Ngoja, sheikh. Usiihukumu kwa harufu ya kwanza."

Akatueleza, na maneno yake ni ya kweli. Manukato yalitengenezwa kwa tabaka tatu. Ya kwanza ni vitu vyepesi, kama maganda ya ndimu na machungwa, navyo huruka upesi, pengine hata robo saa haitimii. Ya kati ni maua, kama waridi na asumini, nayo hukaa kwa saa kadha wa kadha. Ya mwisho ni vitu vizito, kama sandali, na ambari, na miski, na udi, nayo ndiyo mtu hulala nayo katika nguo hata asubuhi. Mwenye kununua hununua kwa harufu ya kwanza, lakini huishi na ya mwisho. Maneno hayo niliyashika, na nitayarejea.

Ama bei, chupa moja katika zile nne ilikuwa shilingi 35,000. Kijana wetu ni karani katika ghala, na mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya chupa ile moja. Nikamvuta kando nikamuuliza, "Mwanangu, utalipa kwa nini?" Akanijibu bila ya kuona haya, kwa kuwa hakujua kwamba pana la kuonea haya: "Nitakopa kwa simu, Maalim. Kila mtu hufanya hivyo. Na haiitwi riba, yaitwa ada ya huduma." Tukatoka pale bila ya kununua kitu.

Ndugu zangu, asije mtu akafahamu kwamba nayatukana manukato. Manukato ni sunna. Mtume wetu (S.A.W.) aliyapenda, na Anas amepokea kwamba alikuwa harudishi manukato anapopewa. Tumeamrishwa kuoga na kujitia manukato siku ya Ijumaa, na rafiki mwema amefananishwa na mchukuzi wa miski, ambaye hata usiponunua kwake hukukosa harufu njema. Na elimu hii wazee wetu Waislamu waliitumikia. Al-Kindi, aliyekufa katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya ufundi wa manukato na kuyakenga kwa moto. Pwani hii yetu nayo ina fungu lake: al-Masudi, aliyesafiri bahari hii katika karne ya 10, ametaja ambari ya nchi ya Zenji, na karafuu za Unguja na Pemba zimeingia katika manukato ya dunia nzima. Mtu asituambie kwamba harufu nzuri ni jambo geni kwetu.

Wako watakaouliza juu ya alkoholi, kwani manukato mengi ya chupa za kunyunyiza huchanganywa nayo. Katika yale yaandikwayo eau de parfum, mafuta yenyewe kwa kawaida ni kama sehemu 15 hadi 20 katika 100, na sehemu kubwa ya yaliyobaki ni alkoholi. Jibu ni kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana. Walio wengi, na madhehebu yetu ya Imamu Shafi miongoni mwao, wamesema kwamba ulevi ni najisi. Lakini Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, na al-Layth, na al-Muzani ambaye ni mwanafunzi wa Shafi mwenyewe, wamesema kuwa ni haramu kuunywa lakini dhati yake si najisi, na katika wanavyuoni wa zama za karibu Sheikh Rashid Rida ameyaruhusu manukato haya. Nasi twasema: mwenye kuyatumia asitukanwe, na mwenye kutaka kutoka katika khitilafu ajipake mafuta matupu, na swala yake haitakuwa na shaka kwa kauli zote. Jambo hili lisitugombanishe misikitini.

Lakini ni ajabu kwamba sisi twaweza kukesha tukijadiliana juu ya tone la alkoholi katika kanzu, na riba iliyonunua chupa ile hatuiulizi. Tone lile lina khitilafu, na riba haina khitilafu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Baqara amewaamrisha wenye kuamini waache yaliyobakia ya riba, na wasipoacha wajue kwamba wana vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na kuipa jina jingine hakuigeuzi. Mkopeshaji akikupa 10,000 na akataka 11,000 baada ya mwezi kwa sababu ya mkopo tu, ile 1,000 ni riba, iitwe ada, iitwe huduma, iitwe hidaya. Majina hayabadili vitu. Huko Paris mwaka 1977 nyumba ya Yves Saint Laurent ilitoa manukato kwa jina la Opium, yaani afyuni, na mwaka 1985 nyumba ya Dior ikatoa mengine kwa jina la Poison, yaani sumu, na watu wakayanunua kwa furaha, kwani walijua kwamba ndani yake hamna sumu. Sisi tumefanya kinyume chake: tumeichukua sumu yenyewe tukaiandikia jina zuri, kisha tukaitia katika sanduku la bibi harusi.

Sasa yarejee maneno ya yule binti. Mkopo nao una harufu ya kwanza, nayo ni nzuri sana: fedha zaingia katika simu kabla hujamaliza kufumba na kufumbua macho, sanduku lafunguliwa mbele ya wanawake, vigelegele vyapigwa, na watu wasema kwamba fulani amefanya. Harufu hiyo hairudi mwezi wa pili. Inayobaki ni ya mwisho, nayo ni mume mpya ambaye kila simu ikilia hushituka, mke ambaye hajui kwa nini mumewe amebadilika, na kodi ya nyumba isiyolipwa. Chupa ile imewekwa juu ya meza ya kioo, na kila aionapo mume hukumbuka deni.

Nami nina la kukiri mbele yenu. Miaka mitatu iliyopita nilimwoza binti yangu. Sanduku lililoletwa nyumbani kwangu lilikuwa na manukato ya namna hiyohiyo, nami niliyanusa, nikayasifu, na sikuuliza fedha zimetoka wapi. Baadaye nilipata khabari kwamba mkwe wangu alilipa deni lile kwa miezi 14, na kwamba katika miezi hiyo binti yangu aliuza bangili zake mbili akanificha. Mimi, nisomeshaye watu mlango wa riba, nilikuwa nimekaa barazani kwangu nafukizwa kwa moshi wake. Mwenyezi Mungu anisamehe. Kwa ajili hiyo siandiki haya kama mwenye kuwatazama watu kutoka juu.

Tulipotoka dukani nilikwenda na kijana wetu kwa baba wa msichana. Nilimweleza, na nikamweleza na khabari yangu pia. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mkewe, na mkewe akamwita binti. Ikadhihirika kwamba binti hakuandika hata jina moja katika yale manne. Yaliandikwa na mashangazi, kwa kuwa jirani aliletewa matatu. Binti mwenyewe alisema nyuma ya pazia kwamba yeye apenda mafuta ya asumini. Baba akaichukua kalamu, akayapiga mstari yote manne. Mafuta ya asumini yalinunuliwa Mji wa Kale kwa fedha taslimu, na ndoa ilifungwa Ijumaa iliyofuata.

Yakumbukeni aliyotengenezewa Bibi Fatima (R.A.) na baba yake, naye ni bora wa viumbe. Alipewa nguo ya mahameli, na kiriba cha maji, na mto uliojazwa idhkhiri. Na idhkhiri ni nyasi ya Makka yenye harufu nzuri, jamaa ya mchaichai wetu. Basi hata sanduku lile halikukosa harufu njema, lakini ilitoka katika majani, na hapana aliyewekwa rehani kwa ajili yake.

Enyi wazazi wa wasichana, ipunguzeni karatasi ile. Aliyetaka kuoa na hana kitu, Mtume (S.A.W.) alimwambia atafute hata pete ya chuma. Enyi mashangazi, msishindane kwa fedha za mtoto wa watu. Nanyi vijana, mwenye uwezo na anunue akitakacho bila ya israfu na bila ya kujionyesha, na asiye na uwezo aseme "sina", kwani neno hilo halijamuua mtu. Na jueni kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga, ambayo watu waikimbia, mbele ya Mwenyezi Mungu ni nzuri kuliko miski.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya al-Mutaffifin juu ya kinywaji cha watu wa Peponi, kilichotiwa muhuri, na mwisho wake ni miski. Kisha akasema kwamba katika hayo ndiyo washindane wenye kushindana. Tazameni vipi miski imewekwa mwisho. Hebu natushindanie hiyo.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, waoze vijana wetu kwa wepesi, uwalipie wenye madeni madeni yao, na ujaalie mwisho wa amali zetu uwe mwema. Amin.