Pumzi ya Dakika ya Kwanza

Mtoto azaliwapo asilie, ni nani mwenye haki ya kusema, "Amekufa"? Swali hili si la waganga peke yao. Ni la kila nyumba ya Mbulu na Hanang ingojayo uzazi.

Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu madaktari wa usingizi kwamba twapaswa kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, na ukawaida huo hupimwa kwa watu, mahali na nyakati. Kwa hiyo mashine ya kupumulisha yaweza kuondolewa kwa mgonjwa asiye na tumaini, pasipo dhambi. Neno hilo twalishika. Lakini ole wake alishikaye nusu. Huko Ulaya wengi huogopa kwamba mashine haitazimwa kamwe. Kwetu hofu ni kwamba mkono utaacha mapema mno.

Maana kitoto kisichopumua chaweza kuwa na moyo udundao bado, huku ubongo, ukikosa hewa, ukiumia kwa dakika chache tu. Chatakiwa nini? Kumkausha, kumsugua mgongo, kisha kumpulizia hewa kwa mfuko wa mkono na kifuniko cha pua na mdomo, kabla dakika ya kwanza haijapita. Hata umeme hautakiwi.

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ni ya ndugu zetu Walutheri, nasi hatuoni haya kuisifu. Wakunga wake walifundishwa kazi hiyo siku moja, wakaijua. Lakini penye kitanda cha uzazi mikono ikafuata mazoea ya zamani. Mwaka 2011 yakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara juu ya mwanasesere. Vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Basi pale ambapo mfuko umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo amekwenda mnadani, njia ya kawaida tumeigeuza wenyewe kuwa ya ajabu. Tusimsingizie Baba Mtakatifu.

Na mwisho wa wajibu upo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilielekeza mwaka 2012 kwamba, kama baada ya dakika 10 za kumpulizia barabara moyo hausikiki kabisa, mkunga aache. Hana hatia huyo. Lakini mama akiuliza, "Mlimfanyia nini mwanangu?", aketi naye, amweleze dakika kwa dakika.