Somo la 9: Aliyetufanya Twende Wima

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:7, Zaburi 139:13–16, Walawi 26:13, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Luka 13:10–17, 1 Timotheo 4:7, 8, Wagalatia 6:2.

Fungu la Kukariri: Walawi 26:13. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, ukiwa umesimama kama unaweza.

Katika kila kanisa wako washiriki ambao, tunapoalikwa kupiga magoti, hutangulia kushika kiuno. Yuko fundi aliyeinamia cherehani juma zima. Yuko mama aliyebeba ndoo ya maji tangu alfajiri. Yuko dereva wa bodaboda, yuko karani wa ofisini, yuko kijana ambaye shingo yake imezoea kuinamia simu. Tunaombea homa zao na ada za watoto wao, lakini ni mara chache tunafungua Biblia kuuliza Mungu anasema nini juu ya mgongo unaouma.

Kanisa letu limekuwa na ujumbe wa afya tangu maono aliyopewa Ellen G. White huko Otsego, Michigan, mwezi Juni 1863. Tumejifunza sana juu ya vyakula na vinywaji. Juma hili tutajifunza juu ya mkao wa mwili, jinsi unavyojongea na jinsi ya kuuzoeza. Tutaona kwamba Mungu wetu ndiye anayewainua walioinama, na kwamba anatuita tuifanye kazi hiyo pamoja naye.

JUMAPILI
Udongo Wenye Pumzi

Soma Mwanzo 2:7 na Zaburi 139:13–16. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu thamani ya mwili?

Biblia haisemi kwamba mtu ni roho iliyofungiwa ndani ya mwili kama ndege ndani ya tundu. Mungu alifanyiza mavumbi, akapulizia pumzi, na mtu akawa nafsi hai. Kwa hiyo mwili ni sehemu ya yale tunayomaanisha tunaposema “mimi.” Anayeupuuza mwili wake anajipuuza mwenyewe, na anaipuuza kazi ya mikono ya Muumba.

Tazama uti wa mgongo. Una pingili 24 zinazojongea, zimepangwa moja juu ya nyingine, na chini yake mifupa iliyoungana hadi kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna visahani vya gegedu. Mchana, tukiwa tumesimama au tumeketi, uzito wa mwili huvikamua maji taratibu. Usiku tukilala hujaa tena. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Muumba aliweka pumziko ndani ya mgongo wenyewe.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa husaidia kuubeba uzito huo. Kikisogezwa mbele kwa saa nyingi, misuli ya shingo ndiyo hubeba, nayo hulalamika. Maumivu hayo mara nyingi si adui, ni mjumbe.

Je, mwili wako umekuwa ukikupa ujumbe gani ambao hujausikiliza?

JUMATATU
Nira Iliyovunjwa

Soma Walawi 26:13, kisha Kutoka 1:13, 14. Mungu anajitambulisha kwa tendo gani?

Nira ni mti unaowekwa juu ya shingo ya ng'ombe. Mnyama aliyefungwa nira hawezi kuinua kichwa chake apendavyo. Huenda ameinama, akitazama udongo. Waisraeli waliishi hivyo Misri, katika kazi ya chokaa na matofali. Mungu anapowakumbusha wokovu wao, anataja jambo moja la mwili: aliivunja ile miti ya nira, akawafanya waende wima.

Fungu hili limewekwa mwishoni mwa orodha ya baraka, kabla maonyo hayajaanza. Wema wa Mungu unatangulia madai yake. Kwanza anawanyosha watu wake, ndipo anawaambia watembee katika amri zake.

Sasa linganisha na Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Hapa Sabato imeunganishwa na ukumbusho wa utumwa. Mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao. Hata ng'ombe na punda wapumzike. Kila siku ya saba Mungu anaiondoa nira shingoni. Mtu anayefanya kazi siku saba bila kupumzika amejifunga mwenyewe mti ambao Mungu aliuvunja.

JUMANNE
Miaka 18

Soma Luka 13:10–17. Taja mambo ambayo Yesu alifanya kabla mwanamke huyu hajanyoka.

Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu (Wakolosai 4:14), anaeleza hali ya mwanamke huyu kwa makini. Alikuwa amepinda mgongo miaka 18, wala hakuweza kujinyosha. Kwa miaka hiyo yote aliona zaidi miguu ya watu kuliko nyuso zao. Hata hivyo alikuwa sinagogi siku ya Sabato.

Hatusomi kwamba aliomba chochote. Yesu alimwona, akamwita, akasema naye, akaweka mikono juu yake. Ndipo akanyoka, na neno lake la kwanza likawa sifa kwa Mungu.

Mkuu wa sinagogi alikasirika. Yesu alimjibu kwa mfano wa ng'ombe na punda, ambao hufunguliwa siku ya Sabato wakanyweshwe maji. Angalia neno “kufungua” linavyorudi katika kisa hiki. Mnyama hufunguliwa, je, binti wa Ibrahimu asifunguliwe? Kwa Yesu, kumnyosha aliyepinda ni kazi inayoifaa Sabato kabisa.

Yesu alisema kwamba Shetani ndiye aliyemfunga. Tusilichukue neno hilo kuwa ruhusa ya kumwambia kila mwenye kibiongo kwamba ana pepo au ana dhambi ya siri. Yesu hakumlaumu, alimwita binti wa Ibrahimu. Wapo waumini waaminifu ambao migongo yao haitanyoka katika maisha haya. Paulo naye aliomba mara tatu, akapewa neema badala ya kuondolewa mwiba (2 Wakorintho 12:7–9). Hao wanangoja asubuhi ya ufufuo, na heshima yao mbele za Mungu haipimwi kwa unyofu wa mgongo.

Ni nani katika kanisa lako ambaye amekuwepo miaka mingi bila mtu kumwita mbele?

JUMATANO
Kujizoeza

Soma 1 Timotheo 4:7, 8. Paulo anaupa mazoezi ya mwili nafasi gani?

Paulo anasema yana faida kidogo yakilinganishwa na utauwa. Hasemi hayana faida. Mazoezi hayaokoi, na mwili ulionyoka si cheti cha utakatifu. Lakini mwili ni chombo cha utumishi, na chombo hutunzwa.

Katika kitabu chake Elimu, kilichotoka mwaka 1903, Ellen G. White anauweka mkao sahihi wa kuketi na kusimama miongoni mwa mambo ya kwanza ya kufundishwa mtoto. Baada yake anataja kupumua na matumizi ya sauti. Tena anamtaka mwalimu afundishe kwa mfano wake mwenyewe.

Jaribuni jambo hili darasani. Simama, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Sikia uzito wako ukigawanyika kati ya visigino na vidole. Legeza magoti kidogo. Acha mabega yashuke. Masikio yawe juu ya mabega, yasitangulie mbele. Vuta pumzi kwa pua polepole, mbavu na tumbo vipanuke, kisha iachie taratibu. Rudia mara tano. Asiyeweza kusimama afanye akiwa ameketi.

Wengine huuliza kama utulivu wa namna hii ni sawa na kutafakari kunakofundisha watu kuondoa mawazo yote kichwani. Sivyo. Hatuachi akili tupu. Tunaujaza ufahamu wetu shukrani: pumzi hii alinipa Yeye, na mguu huu aliufanya Yeye. Mtunga Zaburi ya 139 alifanya vivyo hivyo alipoyatazama maumbile yake akasifu.

Hakuna mkao mmoja unaofaa siku nzima. Mwili uliumbwa ujongee. Fundi na asimame kila nusu saa, ageuze shingo, anyoshe mikono. Anayeinua mzigo ausogeze karibu na mwili, akunje magoti na nyonga, wala asijipinde akiwa ameushika. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, angalau dakika 150 kwa juma, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Anayelima au kutembea mbali kila siku huenda ameshapita kiasi hicho. Yeye anahitaji zaidi kunyoosha viungo na kupumzika.

Maumivu yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, maumivu baada ya kuanguka, au kushindwa kuzuia haja, si ya kufanyiwa mazoezi nyumbani. Nenda hospitali mapema.

ALHAMISI
Mzigo Huu ni wa Nani?

Soma Wagalatia 6:2. Amri hii inagusaje migongo ya nyumbani kwako?

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Tukimfundisha mama kusimama wima, kisha tukamwacha abebe ndoo sita peke yake huku wana wake na mume wake wameketi, tumemwongezea mzigo mwingine, mzigo wa somo letu. Yesu hakumhubiria mwanamke yule juu ya mkao. Alimfungua.

Kufungua kuna njia za kawaida sana. Mpini wa jembe ukirefushwa, mgongo hauinami kama zamani. Meza ya kuoshea vyombo na jiko lililoinuliwa humtoa mpishi chini. Mkokoteni wa kuazimana kati ya nyumba tano hupunguza mizigo ya kichwani. Baba au kijana wa kiume akibeba maji, heshima yake haipungui; ameitimiza sheria ya Kristo.

Tuangalie pia nyumba ya ibada. Wazee wetu huketi saa mbili au tatu kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Je, viti vyenye egemeo vimewekwa mbele kwa wageni rasmi, huku mjane mwenye mgongo mbovu akiketi nyuma? Basi kisa cha Luka 13 kinatukia tena, nasi tumeshika nafasi ya mkuu wa sinagogi.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zaburi 145:14 na 146:8. Katika Elimu, soma maelezo ya Ellen G. White kuhusu elimu ya mwili na mkao.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ujumbe wetu wa afya mara nyingi huishia mezani, kwenye chakula? Tufanye nini ili uguse pia kazi, mizigo na mapumziko?

2. Mtawezaje kuhimiza mazoezi bila kumwaibisha mlemavu, mzee au mgonjwa?

3. Orodhesheni watu watatu wa kanisa lenu walioinamishwa na mzigo fulani. Kabla ya Sabato ijayo, nani atamfungua nani, na kwa tendo gani? Andikeni majina ya watakaokwenda, kisha mfunge darasa kwa sala. Wanaoweza wasimame, na wasioweza tuwashike mkono.