Wajibu wa Nyumba ya Siku Chache

Kazi ya haraka ina desturi ya kuomba radhi mapema. Hema la wagonjwa likisimamishwa wakati wa maradhi makuu, mjenzi husema kuwa ni la siku chache, basi lisidaiwe yale yanayodaiwa hospitali ya mawe. Hoja hiyo ina sura ya busara, na aghalabu hupita bila ya kusailiwa. Lakini jengo hilo ni la muda kwa nani? Ni la muda kwa serikali itakayolivunja, na kwa tabibu atakayerejea kwao. Kwa mgonjwa atakayefia ndani yake ni nyumba ya mwisho.

Wala haraka si udhuru. Mwaka 1855, katika vita vya Krimea, mhandisi wa Uingereza Isambard Kingdom Brunel alibuni hospitali ya mbao iliyopakiwa melini vipande vipande na kuunganishwa Renkioi, nchini Uturuki. Vita havikumzuia kufikiri juu ya hewa safi na njia ya maji machafu.

Ebola ina shida zaidi. Katika kituo chake wanaoshukiwa hutengwa na waliothibitishwa, na mwuguzi huanzia kwa wale akaishia kwa hawa. Harudi nyuma, asije akampelekea mtu maradhi ambayo pengine hana. Mpango huo ni wa haki kabisa. Lawama huanzia penye ua. Turubai lililokusudiwa kuzuia maradhi huzuia na macho pia. Mtu huingia akitembea kwa miguu yake. Ndugu zake hawamwoni tena, kisha huonyeshwa mfuko uliofungwa. Nani atawalaumu wakiwaza mabaya?

Katika Kivu Kaskazini na jirani zake, mashariki ya Kongo, maradhi hayo yaliua watu 2,287 kati ya mwaka 2018 na 2020. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Itakuwa ni upuuzi kulibebesha turubai mzigo wote huo, kwani nchi ile ilikuwa na vita vya miaka mingi na watu wake walikwisha choka kuahidiwa. Hata hivyo, mahali penye shaka, ua usiopenyeka kwa jicho huilisha shaka.

Huko Beni, mwaka 2018, vilitumiwa vyumba vya plastiki angavu, vyenye mikono ya mpira iliyotiwa ukutani. Mwuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa kutoka nje, bila ya yale mavazi mazito ambayo joto lake humchosha mtu kwa muda wa saa moja hivi. Mama aliweza kuketi nje akauona uso wa mwanawe, naye akaonwa.

Yamkini mtu atauliza: je, heshima ya mgonjwa iko wapi, akitapika mbele ya macho ya watu? Swali hili ni zito kuliko la gharama. Kuonwa na mama ni faraja. Kukodolewa macho na wapitao ni adhabu, na plastiki haijui kuwatofautisha. Mwenye kuchagua ni mgonjwa mwenyewe, maadamu ana fahamu. Basi chumba angavu kinahitaji pazia, na kamba ya pazia ifike kitandani, chini kabisa, mkono usioweza kuinuka upate kuivuta.