Je, Kuwa wa Pili ni Kushindwa?

Jioni moja mjomba wangu alipita uwanjani akanikuta naokota mipira na kuitia kwenye kiroba. Kocha na wachezaji walikwishaondoka. Akaniuliza, "Mjomba, utaokota mipira ya watu mpaka lini?" Nikacheka. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja, na huu ni mwaka wangu wa sita. Mwaka jana chuo kingine kiliniandikia barua niende nikawe kocha mkuu. Nikakataa. Nilisema siwezi kumwacha mwalimu aliyenifundisha mchezo huu. Watu wakanisifu sana. Je, sifa zile zilikuwa zangu kweli?

Sisi wasaidizi tunaye mtu wa kujitetea naye: Bill Guthridge wa Chuo Kikuu cha North Carolina, huko Marekani. Alianza kumsaidia Dean Smith mwaka 1967, akamsaidia miaka 30. Katika miaka hiyo timu ilitwaa ubingwa wa vyuo mara mbili, 1982 na 1993. Mtupo wa ushindi wa 1982 aliurusha kijana Michael Jordan, na jina lake likavuma. La Smith nalo likavuma. La Guthridge je? Mwaka 1978 alikubali kuwa kocha mkuu wa Penn State, kisha akabadili nia, akabaki. Oktoba 1997 Smith alistaafu akiwa na ushindi wa michezo 879, na msaidizi wake akakabidhiwa timu akiwa na umri wa miaka 60. Kwa misimu mitatu tu aliifikisha mara mbili kwenye hatua ya timu nne za mwisho, 1998 na 2000, kisha naye akastaafu.

Hapo utasikia mtu anasema, "Unaona bwana? Mvumilivu hula mbivu." Mimi hapo nakataa. Methali hiyo inaigeuza miaka 30 ya mtu kuwa foleni tu. Hebu fikiri, kama Smith asingeondoka, na Guthridge akazeeka palepale kwenye benchi, kazi yake ingekuwa bure? Msaidizi hutazama michezo ya wapinzani mpaka macho yanauma, husafiri kutafuta vijana, hukaa na mchezaji mmoja mwezi mzima kumrekebisha kiwiko. Kiwiko kikishanyooka, mpira unaingia kikapuni. Hauulizi aliyekinyoosha alikuwa kocha wa kwanza au wa pili.

Basi kuwa wa pili si kushindwa. Lakini ngoja, ndugu msomaji, usinipongeze mapema. Yuko anayebaki kwa kuwa anaipenda kazi yenyewe, na yuko anayebaki kwa kuwa anaogopa: siku timu ikifungwa, lawama zitakuwa zake. Ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha. Wote wawili huokota mipira, na wote huitwa waaminifu. Kinachowatenga ni siku ya kukabidhiwa timu. Guthridge ilipomfikia aliipokea, tena wiki chache tu kabla ya msimu kuanza.

Mimi barua yangu niliisoma usiku. Kabla sijamkumbuka mwalimu wangu, niliona ubao wa matokeo. Niliona tumefungwa, na uwanja mzima unanitazama mimi. Neno uaminifu lilinijia kesho yake asubuhi, wakati wa kuandika jibu.

Hilo sijamwambia mtu mpaka leo. Wiki ijayo mwalimu atasafiri, na mchezo wetu na majirani ameniachia mimi. Nimemwambia mjomba aje. Akakae mbele, karibu na benchi. Tukifungwa, afadhali aone nani alikuwa amesimama.