Bangi, Akili na Ukuta wa Nyumba

Jioni katika soko la Kashai mjini Bukoba, mwenye macho ya kutazama ataona vitu vitatu vyenye nguvu juu ya fahamu ya mwanadamu vikipita mkono kwa mkono pasipo kificho. Cha kwanza ni kahawa ya kutafuna: matunda ya robusta yaliyochumwa mabichi, yakachemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, yakakaushwa na kufungwa katika vifurushi vya majani makavu ya mgomba. Mgeni hupewa kahawa hiyo kabla hajaulizwa haja iliyomleta, na zamani Wahaya wawili walipokula kiapo cha udugu waligawana buni mbili za tunda moja zilizopakwa damu yao. Cha pili ni lubisi, pombe ya ndizi zilizokanyagwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti na kuchachushwa kwa mtama uliokaangwa. Cha tatu ni gongo inayotoneshwa kutokana na hiyo hiyo lubisi, ambayo sheria inaikataza, walakini mlevi wake huchekwa mara nyingi kuliko anavyofungwa. Cha nne hakionekani, kwa kuwa anayekutwa na msokoto mmoja wa bangi hupandishwa karandinga.

Sidai kwamba vitu hivi vinne vina uzito mmoja. Mtu mwenye insafu hawezi kuitia kahawa na gongo katika mizani moja. Nasema tu kwamba jamii inayokaa na ulevi wa namna tatu kwa ustahimilivu, kisha ikaghadhibika kwa wa nne, inapasa kueleza ghadhabu yake imejengwa juu ya msingi gani: juu ya madhara, juu ya dini, au juu ya mazoea tu. Mazoea ni kadhi mbaya. Mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg, aliyekuwa na amri juu ya mambo ya soko, aliwakusanya mafakihi na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku kwa hoja ya kwamba inabadili akili na kuwakusanya watu usiku kwa mazungumzo ya upuuzi. Hukumu ile haikudumu. Leo hakuna msikiti wa Bukoba ambao wazee wake wataona haya kutafuna buni baada ya sala ya alasiri.

Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya ni kali, na mkulima wa bangi aweza kufungwa miaka 30. Mamlaka inayoisimamia imefyeka na kuteketeza mashamba Arumeru na katika bonde la Mto Mara, mahali ambapo mkulima huipanda katikati ya mahindi kwa kuwa mahindi hayamlipi. Lakini sisi wa Kagera tumepakana na mataifa yaliyokwisha kuchukua njia nyingine. Kutoka Bukoba hadi Mutukula si safari ndefu, na ng'ambo ya kizuizi kile iko Uganda, ambayo imetoa leseni ya kulima bangi ya dawa huko Kasese kwa ajili ya kuuza nje, ingawa raia wake mwenyewe akiivuta hukamatwa. Rwanda nayo mwaka 2020 iliruhusu kilimo cha namna hiyo kwa soko la ng'ambo peke yake. Kwetu, Jumanne Kishimba, wakati huo mbunge wa Kahama Mjini, alisimama bungeni mwaka 2019 na kuitaka serikali ilitazame jambo hilo, na wengi walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha, ila naona kichekesho katika siasa ya jirani zetu, ambao wameuhalalisha mmea kwa ajili ya mgonjwa wa Ulaya na kumwacha mgonjwa wao wenyewe mikononi mwa polisi.

Kuhusu dawa, sioni kwamba kuna mjadala mrefu. Mpopi, mzazi wa heroini iliyowaangamiza vijana wa Dar es Salaam na Unguja, ndio huo huo mzazi wa mofini anayonyweshwa mgonjwa wa saratani katika Taasisi ya Ocean Road ili apate kulala, na hakuna sheikh wala askofu aliyelalamika. Marekani mwaka 2018 iliidhinisha dawa ya maji, iitwayo Epidiolex, itokanayo na bangi lakini isiyolevya, kwa watoto wenye kifafa cha aina mbili zilizo ngumu kutibika. Mzazi wa Muleba ambaye mtoto wake huanguka mara nyingi kwa siku hahitaji falsafa. Anahitaji daktari, kipimo, na chupa yenye lebo. Fikihi ya Imamu Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, ililimaliza jambo hili karne nyingi zilizopita, pale mafakihi wake waliporuhusu kumpa mgonjwa kitu cha kuondoa fahamu wakati wa kukatwa kiungo kilichooza. Dharura ina hukumu yake.

Ugumu uko kwa mtu mzima asiye mgonjwa, ambaye hakuiba wala hakumpiga mkewe, na ambaye anataka tu kukaa ndani ya chumba chake akavuta. Wako wanaomtetea kwa Maandiko, wakisema kwamba katika sura ya kwanza ya Mwanzo, mstari wa 29, mwanadamu alipewa kila mche utoao mbegu. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Mnyonyo, ambao watu wa pwani huuita mbarika, unatoa mbegu pia. Mafuta yake ni dawa ya tumbo na mbegu yake mbichi ikitafunwa yaweza kuua. Kuumbwa kwa kitu hakutuambii kitumiweje.

Wako wanaomtetea kwa hoja nzito zaidi, kwamba akili ya mtu ni milki yake, na mwenye mali ana haki ya kuitumia apendavyo. Hapa dini zote mbili zilizotawala fikira za Bukoba zinakataa. Kwa Mwislamu, akili ni moja katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Kwa Mkristo, mwili ni hekalu, na mwenye hekalu si yule anayelala ndani yake. Akili ni amana, na mwenye kuwekewa amana ataulizwa. Nakubali hoja hii kwa moyo wote, na naongeza ushahidi wa dunia: uchunguzi juu ya askari vijana wa Sweden, uliotangazwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba waliovuta sana katika ujana waliangukia wazimu zaidi kuliko wenzao. Kijana wa miaka 15 anayeanza kuvuta nyuma ya kibanda anachezea kitu ambacho bado hakijakomaa.

Lakini mwenye kuwekewa amana ataulizwa na nani? Wengi wetu huvuka hapa bila kutazama, wakidhani kwamba likithibiti neno haramu, basi mlango wa jela umejifungua wenyewe. Mafakihi wa zamani, ambao siku hizi hutajwa kama watu wa ukali, hawakudhani hivyo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alimhukumu mla hashishi kama mnywa mvinyo, walakini wengi wa madhehebu ya Shafi waliona kwamba adhabu yake ni taazira, yaani ile inayoachiwa busara ya kadhi kwa kadiri ya mtu na hali, na isiyoruhusiwa kufikia kiwango cha hadi, yaani adhabu iliyopangwa na sharia yenyewe, iliyo ndogo kabisa. Uharamu ulikuwa kamili, na adhabu ilikuwa na dari. Sisi tumeuacha uharamu ulegee katika nyoyo na tumeondoa dari katika mahakama. Ndugu zetu wa Uamsho wa Kikristo, uliotoka Gahini nchini Rwanda ukafika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, waliacha lubisi kwa maelfu kwa kuungama mbele ya wenzao, na hakuna aliyefungwa.

Imamu Ghazali amesimulia katika kitabu chake Ihya kisa cha Khalifa Umar bin Khattab, ambaye usiku mmoja katika doria alisikia sauti za anasa, akapanda ukuta, akamkuta mwenye nyumba pamoja na mwanamke na mvinyo. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kwamba yeye amemwasi Mungu katika jambo moja, na Khalifa katika matatu: amepeleleza, amepita juu ya ukuta na kuuacha mlango, na ameingia bila kubisha wala kutoa salamu. Umar alimtaka ahadi ya kutubu, akamwacha. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ilipoamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba mtu mzima aweza kulima na kutumia bangi faraghani, haikumtaja Umar, ila hoja yake ilisimama juu ya ukuta ule ule.

Nami ningaliridhika na hukumu hiyo laiti Kashai ingekuwa na kuta. Mwenye nyumba ya Johannesburg ana uzio, bustani na mlango wa nyuma; mpangaji wa Matopeni hapa Kashai ana chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, choo cha wote, ua wa wote, na dirisha linalotazamana na kitanda cha watoto wa jirani. Moshi wake hauna faragha. Sheria ya faragha ikiletwa hapa ilivyo, itampa haki mwenye geti na kumwachia mpangaji kesi, na hivyo wale wale wanaojaza karandinga leo ndio watakaoijaza kesho, kwa kosa lenye jina jipya la kuvutia hadharani.

Kwa sababu hiyo nataka mambo mawili kwa mfuatano, wala si kwa pamoja. Kwanza dawa, ipite hospitalini kama mofini ipitavyo, na mgonjwa wa Kagera aipate kabla ya mteja wa ng'ambo. Kisha msokoto mmoja wa mtu mzima utolewe katika jela na kurudishwa katika taazira, iwe faini, nasaha au kazi ya mtaa, na ukali wa miaka 30 ubaki kwa anayewauzia wanafunzi. Shamba la biashara na duka la starehe siyaombei, maana tumekwisha kuona gongo inavyofanya Ijumaa ya mshahara, na sioni sababu ya kuipatia mshirika. Juu ya uharamu wenyewe, masheikh na wachungaji wanayo mimbari, na kazi hiyo haikupata kuwa ya polisi.